Waliojificha Mfupani

Mwinshehe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yake ilikuwa Chang'ombe, kwenye uchochoro wa nyuma ya viwanda. Kazi yake kubwa ilikuwa kutengeneza nondo za madirisha. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Ruksa ya biashara huria ilikwishaingia, maduka yalijaa redio na televisheni, na kila aliyenunua televisheni aliogopa wezi. Mwinshehe alipata kazi mpaka akakosa pa kupumulia.

Kazi hiyo ilimfaa, maana alikuwa mtu wa shaka. Akinunua kilo ya sukari, aliipeleka duka la pili ikapimwe upya. Akiambiwa samaki ni wa leo, aliwafunua mashavu mmoja mmoja mpaka muuzaji akanuna. Nyumba yake ilikuwa na nondo nyingi kuliko nyumba zote za mtaa. Mkewe, Rukaiya, alisema siku nyumba ikishika moto watateketea humo humo kama kuku bandani.

"Afadhali nondo," Mwinshehe alimjibu. "Binadamu simwamini mie."

Mtu mmoja tu ndiye ambaye Mwinshehe hakumshuku. Huyo ni binti yake, Zuena, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa na miaka minane. Zuena akitoka shule alipitia karakana, viatu mkononi, akaita kutoka mbali, "Baba! Shikamoo!" Mwinshehe alizima mashine hata kama mwenye kazi alikuwa amesimama pale anangoja.

Kisha Zuena akaanza kuchoka.

Akitoka shule alijilaza mkekani. Hakutaka kucheza wala kula. Homa zikaanza. Walimpa dawa ya malaria, homa ikashuka, ikarudi tena. Viganja vyake vikawa vyeupe. Miguuni zikatokea alama nyeusi, kama mtu aliyepigwa. Mwinshehe alipoziona alama zile, alikwenda shuleni moja kwa moja kugombana na mwalimu. Mwalimu aliapa kwamba hajamgusa. Mwinshehe hakuamini. Aliondoka akimtazama kwa jicho la pembeni.

Siku moja Zuena alilia akishika paja lake.

"Mifupa inauma, mama. Inauma huku ndani."

Nyumba ya pili aliishi Editha, mwenyeji wa Masasi. Editha alikuwa muuguzi katika wodi ya watoto ya hospitali kubwa ya jijini. Alikuja kuazima kinu, akasikia mtoto analia, akaingia. Alitazama viganja vya Zuena. Alivuta chini kope la jicho. Alizitazama zile alama miguuni, na kicheko alichoingia nacho kikamtoka usoni.

"Mama Zuena, kesho nyie msiende zahanati. Njooni hospitali. Mie nitakuwepo."

Hospitalini walimpima damu kidoleni. Kisha walimchoma sindano ya ganzi nyongani, wakaingiza sindano nyingine mpaka ndani ya mfupa, wakavuta uloto kidogo. Uloto ni ule ute mwekundu ulio ndani ya mfupa. Wengine huuita uboho. Majibu yalipotoka, Daktari Adelard aliwaita wazazi wote wawili. Aliwaambia kwamba Zuena ana kansa ya damu.

Rukaiya alilia. Mwinshehe hakulia. Aliuliza, "Nani kamfanyia?"

"Hakuna aliyemfanyia," daktari alisema. "Si uchawi. Si chakula. Wala hawezi kumwambukiza mtu. Chembe moja ya damu imeharibika ndani ya mfupa, ikazaa nyingine kama yenyewe. Sasa zimejaa na kuzibana chembe nzima. Ndiyo maana hana nguvu. Ndiyo maana ana homa na alama zile. Tuna dawa, lakini safari ni ndefu."

Mwinshehe alimtazama daktari yule. Alikuwa kijana, koti lake jeupe limepigwa pasi vizuri mno. Hata pasi ile ilimtia shaka.

Zuena akalazwa. Alipewa vidonge, sindano za mshipa, na sindano za mgongoni. Nywele zilianguka. Alitapika, akalia, akamwomba baba yake amrudishe nyumbani. Mwinshehe alikaa nje ya wodi akiuma meno. Lakini baada ya wiki chache mambo yakabadilika. Homa ilikwisha. Viganja vikapata rangi. Njaa ikamjia Zuena, akala wali wake, akala na wa kitanda cha jirani. Wakaruhusiwa kwenda nyumbani na vidonge vyao.

"Mrudi Jumatatu," Editha aliwaambia mlangoni. "Daktari anataka kumpima tena nyongani."

Hapo ndipo shaka ya Mwinshehe ilipoamka, ikanyoosha miguu.

Jioni alikwenda kijiweni kunywa kahawa. Alimkuta rafiki yake Nurdin, muuza mitumba. Nurdin alikuwa na habari ya kila kitu, na nyingi hazikuwa na mwenyewe.

"Mtoto vipi?" Nurdin aliuliza.

"Mzima. Leo kala maandazi ya nyumba nzima."

"Alhamdulillahi. Basi mmemaliza."

"Hatujamaliza. Wanamtaka Jumatatu. Wanataka kumtoboa nyonga tena, watoe uloto."

Nurdin aliweka kikombe chini.

"Bwana wee, hebu fikiri. Mtoto mzima wanamtakia nini? Mumiani wa zamani alikuja kwa kuvizia. Siku hizi ruksa. Ana haja gani ya kuvizia? Anavaa koti jeupe, anakupangia na siku ya kumpelekea."

Watu wa kijiweni walicheka. Mwinshehe hakucheka. Yeye alikuwa mtoto wa pwani. Alikua akitishwa kwa mumiani, yule mtu anayesemwa kwamba huwakamata watu, akawatoa damu, akaiuza iwe dawa. Alipokuwa mdogo, mama yake alikuwa akimwingiza ndani kila gari geni lilipopita. Sasa alijiona mjinga. Amekwisha kumpeleka mtoto wake mwenyewe, kwa miguu yake mwenyewe.

Lakini Mwinshehe hakuwa mtu wa kuamini hata maneno ya Nurdin. Alitaka ushahidi. Miaka ile zahanati za watu binafsi zilikuwa zimeanza kufunguliwa, na mojawapo ilikuwa barabarani, karibu na kituo cha mafuta. Asubuhi alimchukua Zuena kimyakimya. Mpimaji alimchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kioo, akalitazama kwa muda mrefu.

"Damu yake safi, mzee," alisema. "Sijaona chembe mbaya hata moja."

Mwinshehe alitoka pale akimvuta mtoto mkono. Furaha na hasira vilimjia pamoja. Mtoto amepona! Na watu wale wanajua amepona, ila wanataka kitu mfupani mwake. Alipofika nyumbani alivichukua vidonge vyote vya Zuena, akavifungia kabatini, akatia funguo mfukoni.

Jumatatu ikafika. Rukaiya alivaa, akamvalisha mtoto, akafunga kanga tayari kwa safari.

"Vua," Mwinshehe alisema. "Hatuendi."

"Hatuendi wapi?"

"Hospitali. Mtoto mzima. Na dawa mie nimezifunga."

"Baba Zuena! Daktari kasema..."

"Daktari! Unamjua kwao wewe? Na huyo Editha wako, kila siku mbio mbio na mtoto wa watu. Anapata nini? Mtu hakimbii bure."

Rukaiya alijaribu siku ile, akajaribu na siku ya pili. Alisihi, akanuna, akakataa kula. Mwinshehe alikuwa kama nondo zake, hapindi. Wiki ikapita. Zuena alikuwa anacheka, anaimba, anaruka kamba. Kila alivyoruka, baba yake alizidi kujiona mwerevu.

Mwishowe Rukaiya alisimama mbele yake, mikono kiunoni. Hakuwa na desturi ya kusimama hivyo.

"Unamshuku daktari," alisema. "Unamshuku Editha. Umemshuku mwalimu. Muuza samaki unamshuku. Na ugonjwa wenyewe, baba Zuena? Ugonjwa ulioingia humu ndani tukiwa tumelala, na nondo zako zote hizo, huo huushuku?"

Rukaiya hakungoja jibu. Alitoka, akaenda kwa Editha.

Editha alikuja alasiri ile, angali na sare ya kazi. Rukaiya alikuwa amebandika mifupa ya supu jikoni. Mwinshehe alimkaribisha mgeni kwa adabu, akampa kigoda. Alikuwa amekwisha kuutega mtego wake.

"Sista Editha, nikuulize jambo moja. Nijibu kweli yako."

"Uliza, shemeji."

"Damu ya mwanangu, ikipimwa sasa hivi kidoleni, ni safi au chafu?"

Akisema chafu, Mwinshehe alijiambia, nimemkamata. Mpimaji kaiona safi kwa macho yake.

"Mie nadhani ni safi," Editha alisema. "Ukimpeleka hata hapo zahanati ya barabarani, watakuambia safi."

Mtego umefyatuka na haukukamata kitu.

"Zahanati wameniambia hivyo hivyo. Basi kama mnajua ni safi," alisema taratibu, "mnatafuta nini nyongani kwake?"

"Tunatafuta waliobaki. Shemeji, damu inatengenezwa wapi mwilini?"

"Moyoni."

"Hapana. Moyo unaisukuma tu. Mama Zuena, nipe mfupa mmoja hapo."

Rukaiya alileta mfupa kwenye sahani. Editha aliugonga, uloto ukadondoka, laini, unatoa mvuke.

"Humu ndimo kiwanda cha damu," alisema. "Damu inazaliwa humu, inalelewa humu, ikikua inatoka kwenda kwenye mishipa. Ugonjwa wa Zuena umeanzia humu humu. Chembe mbaya zilizaliwa, zikajaa, zikamwagika kwenye damu. Tulipompa dawa, zile za kwenye damu zilikufa haraka. Kule ni barabarani, hakuna pa kujificha. Lakini humu ndani ni nyumbani kwao."

"Kwani dawa haifiki humo?"

"Inafika. Lakini humo kuna wenyeji."

"Wenyeji gani tena?" Mwinshehe aliuliza, na sauti yake ilikuwa na shaka ya aina nyingine sasa.

"Uloto una chembe zake nyingine, nzima kabisa. Kazi yao ni kulea damu changa. Wanaishika isisombwe kabla ya wakati. Wanailisha. Wanaituliza. Sasa chembe mbaya inakuja kwa sura ya damu changa. Wenyeji hawaitambui. Wanaipokea, wanaishika, wanailisha. Dawa ikija kuiua, wao wanazidi kuipa nguvu isife. Na nyingine wanazilaza."

"Wanazilaza?"

"Zinalala tu. Hazizai."

"Zikilala si heri?"

"Si heri, shemeji. Dawa zetu nyingi zinakamata chembe inayozaa. Iliyolala inapitwa. Mkiacha dawa, inaamka na kuanza kuzaa upya. Daktari alitueleza hivyo, na wataalamu wenyewe bado wanachunguza jinsi wenyeji hao wanavyofanya."

Jikoni supu ilikuwa inachemka. Mwinshehe alisema, polepole, kama anayeongea na nafsi yake, "Bibi Demetria."

"Bibi Demetria kafanya nini?" Rukaiya alishangaa.

Mwinshehe alieleza. Wakati sungusungu, ule ulinzi wa wananchi, ilipoanza mtaani, yeye alikuwa mmoja wa makamanda. Palikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akiiba vyuma kwenye karakana. Wakalinda kila njia. Njia zikawa safi, hakuna mwizi hata mmoja. Wakajipongeza, wakapunguza doria. Wiki ile ile karakana zikaibiwa tena. Kumbe kijana alikuwa anakaa kwa Bibi Demetria, ajuza wa mtaa ule ule. Alimwendea bibi yule akijifanya mjukuu wa dada yake kutoka Lindi. Bibi akampikia, akamfulia, akampa chumba cha uani. Doria ikipita, yeye alilala. Doria ikichoka, alitoka.

"Na Bibi Demetria hakuwa mwizi," Mwinshehe alisema.

"Hakuwa," Editha alisema. "Alikuwa mwenyeji mwema tu."

"Sie tulikuwa tunatazama barabarani. Barabara safi, tukaenda kulala."

"Na wewe umempima Zuena barabarani," Editha alisema.

Mwinshehe alitazama ule uloto kwenye sahani. Nje Zuena alikuwa anaruka kamba na kuhesabu kwa sauti. Kwa mara ya kwanza, kicheko cha mwanawe kilimtia hofu.

"Akiacha dawa kabisa, inakuwaje?" aliuliza.

Editha alisogeza sahani pembeni.

"Tulikuwa na mtoto kutoka Kawe. Mzuri, mcheshi kama huyu. Wazazi wake waliona kapona, wakaacha kuja. Waliporudi, ugonjwa ulikuwa umerudi, na dawa zile zile hazikumfaa tena. Waliokuwa wamebaki mfupani walikuwa ndio wale sugu. Wakazaa sugu wenzao." Alifuta macho kwa upande wa kiganja. "Nilimvisha sanda mwenyewe, shemeji. Umeniuliza napata nini nikikimbia. Ndicho hicho kinachonikimbiza."

Mwinshehe aliona aibu. Hakumwuliza Rukaiya kama ndiye aliyempelekea Editha maneno yale. Alitoa funguo mfukoni, akampa mkewe.

"Kesho tunakwenda," alisema. "Lakini hiyo sindano, Sista, mie siiachi machoni. Itakakokwenda nami nakwenda."

"Usiiache," Editha alisema. "Ifuate."

Na aliifuata kweli. Zuena alichomwa ganzi, akamkaba mama yake mkono, akapiga yowe moja. Kilichotoka hakikujaza hata kijiko cha chai. Mwinshehe aliongozana na bomba lile la sindano mpaka mlango wa maabara. Mhudumu alimwambia angoje nje. Alikataa. Daktari Adelard alikuja, akatazama yule mtu amesimama mlangoni kama nguzo, akasema, "Mwacheni aone. Mtoto ni wake."

Mwinshehe aliona uloto ukipakwa kwenye vioo vyembamba. Aliona ukikauka, ukitiwa rangi, ukioshwa. Hakuona chupa ya kuuza. Hakuona mzungu wala gari. Mtu wa maabara alikuwa na mafua, na aliendelea kupenga huku anafanya kazi.

Baada ya muda daktari alimwita kwenye hadubini, kile chombo kinachokuza vitu visivyoonekana kwa macho.

"Tazama kwanza hiki. Ni damu ya kidoleni, tuliyoitoa leo."

Mwinshehe alifumba jicho moja. Aliona vitu vya mviringo vyekundu, vimetulia, na hapa na pale kimoja chenye doa la zambarau.

"Safi," daktari alisema. "Zahanati haikukudanganya. Sasa tazama uloto."

Kioo kikabadilishwa. Mwinshehe aliinama tena. Safari hii kulikuwa na umati. Vikubwa kwa vidogo, vya kila namna. Daktari alisogeza kioo taratibu.

"Hivi unavyoviona ni damu changa, nzima. Inaanza kurudi. Sasa hapo katikati. Unaona ile kubwa, zambarau tupu, haina nafasi ndani yake? Na ile pembeni yake? Na zile zilizojikusanya kule?"

Mwinshehe alitazama. Alitazama mpaka jicho likatoka machozi. Akainuka, akaegemea ukuta.

"Wamo," alisema.

"Wamo. Wengi wamekufa, lakini hawa wamebaki. Mngekuja wiki iliyopita, tungekuwa tumeanza kuwashughulikia. Hamkuchelewa sana. Inabidi tuongeze dawa kali zaidi, tuzibadilishe, tuwafuate huko huko waliko. Atapata taabu tena. Mko tayari?"

Yule fundi aliyeshuku mizani za mji mzima alimshika daktari mkono kwa mikono yake yote miwili, akalia mbele ya mtu wa mafua.

"Wamalizeni wote," alisema. "Mie nitamleta kila mnaponiambia. Mkitaka hata usiku wa manane, nitamleta."

Zuena alirudi wodini. Safari ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Alipata vidonda mdomoni, akapata homa, akaongezwa damu. Mwinshehe mwenyewe alitoa damu, na watu watatu wa karakana wakatoa. Nurdin pia alikuja, anatetemeka, akamwuliza muuguzi mara mbili damu inakwenda wapi. Walipompima nyongani tena, daktari alitazama hadubini kwa muda mrefu, kisha akamwita Mwinshehe aone. Damu changa ilikuwa imejaa. Zile kubwa za zambarau hazikuonekana.

"Wamekwisha?" Mwinshehe aliuliza.

"Hatuwaoni."

"Sikuuliza kama mnawaona. Nimeuliza kama wamekwisha."

Daktari Adelard alicheka. "Umeelewa vizuri, mzee. Sijui. Inawezekana wako wachache mno, wamelala, hata hadubini haiwafikii. Ndiyo maana atakunywa vidonge nyumbani kwa miaka, siyo kwa wiki. Wanaoamka mmoja mmoja wakute dawa inawasubiri."

Tangu siku hiyo shaka ya Mwinshehe ilipata kazi. Kila asubuhi kabla ya shule alimwita Zuena mlangoni penye mwanga. Alimvuta kope, akatazama viganja, akatazama fizi, akamkagua miguu kutafuta alama. Vidonge alimpa mwenyewe, akasubiri ameze, kisha akamwambia, "Fungua mdomo. Inua ulimi." Mtoto akipata homa hawakungoja kukuche wala kumpa dawa ya kubahatisha. Walikwenda hospitali saa ile ile. Shangazi alipoleta mizizi ya kuchemsha, Mwinshehe aliipokea kwa heshima, akampelekea daktari kwanza. Daktari alisema isitumike, maana inaweza kugombana na dawa. Haikutumika.

Watu walimwona amezidi. Zuena alinenepa, nywele zikaota nyeusi tititi, akawa wa kwanza kwa mbio katika darasa lake. Nurdin alimwona akipita.

"Mtoto huyu mzima kuliko mie," alisema. "Bado unamnywesha madawa?"

"Bado."

"Utamuumiza bure. Hana kitu."

"Uliwahi kumwona mwizi wa kwa Bibi Demetria?"

"Sikumwona."

"Hakuna aliyemwona," Mwinshehe alisema. "Kunywa kahawa yako."

Si watoto wote waliolazwa pamoja na Zuena waliopona. Wengine waliletwa wakiwa wamechelewa. Wengine walifuata kila kitu, na bado ugonjwa ukawashinda. Editha hakuwaficha jambo hilo, na kila habari ya msiba ilipofika, Rukaiya alimkumbatia mwanawe mpaka mtoto akalalamika kwamba anabanwa. Kwa hiyo hawakuhesabu kwamba wamepona. Walihesabu kidonge cha leo tu.

Miaka ikapita hivyo. Siku moja Daktari Adelard, ambaye sasa alikuwa ameota kitambi kidogo, aliweka kalamu mezani. Uloto wa Zuena ulikuwa umepimwa wiki ile.

"Leo tunasimamisha dawa," alisema.

Rukaiya alishika kifua. Mwinshehe alisogeza kiti mbele.

"Nani kasema?"

"Mimi, mzee."

"Una uhakika gani?"

"Uhakika wote sina. Lakini tumewafuata miaka yote hii bila kuwapa nafasi, na kila tulipotazama hatukuwakuta. Dawa zaidi ya hapa zitamdhuru bila faida. Atakuja tu kupimwa, mara kwa mara, kisha mara moja moja. Vidonge basi."

"Na waliolala?"

Daktari hakucheka safari hii. Aliinama mbele.

"Mzee, kwa watoto wengi wanaofika hapa mlipofika nyie, hawaamki tena. Zuena anakua. Anahitaji kuishi sasa."

Zuena alikuwa amekaa katikati yao. Alikuwa msichana mrefu, amefunga mtandio wake vizuri, miguu haitulii chini ya kiti. Mwinshehe alimtazama. Kwa miaka yote ile alikuwa akitazama kope zake, fizi zake, ngozi ya miguu yake. Sasa alimwona uso, akaona amefanana na bibi yake, marehemu mama wa Mwinshehe. Hakujua alianza kufanana naye lini.

Walirudi nyumbani. Rukaiya alipika pilau, Editha akaja, Nurdin akaja bila kualikwa akala kuliko wote.

Asubuhi ya pili Mwinshehe aliamka kama kawaida. Alinawa mikono, akasimama mlangoni penye mwanga.

"Zuena!" aliita. "Njoo nikutazame."

Hakuna aliyeitika. Rukaiya alitoka jikoni na birika.

"Kesha kwenda shule."

"Kenda? Bila kukaguliwa?"

"Kaamka mapema makusudi. Kasema nikuambie hivi." Rukaiya alijizuia asicheke, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Mwambie baba anisamehe. Leo nimetaka kwenda shule kama wenzangu."

Mwinshehe alitoka barazani. Kule mwisho wa uchochoro aliona kundi la wasichana, sare za bluu na mitandio myeupe, wanatembea wanasukumana. Alikaza macho amjue mwanawe. Wote walikuwa wanacheka, wote walikuwa na afya, na kwa mbali ile hakuweza kumtofautisha na wengine.

Alisimama pale mpaka walipokata kona. Kisha akaingia ndani, akakaa mkekani, na Rukaiya akammiminia chai. Akainywa bila kuichungulia.